Waheshimiwa Watatu wa Nyasindefu

Nchi yetu ya Tulivuni ina amani. Natanguliza kusema hivyo ili msomaji akikuta damu huko mbele asije akadhani namsingizia mtu. Amani tunayo, ya kutosha na kubaki, hasa wilayani kwetu Nyasindefu, ambako watu tumezoea kunong'ona hata tukiwa tunagombana. Mimi napiga ngoma kubwa katika bendi ya wilaya. Kwa kuwa hakuna sherehe isiyo na ngoma, na hakuna jambo Tulivuni linalofanyika bila sherehe, nimeyaona yote.

Mambo yalianza siku Mkuu wetu wa Wilaya alipoliwa na simba. Walikuwa madume wawili, ndugu wa tumbo moja. Simba dume akianza kuota manyoya ya shingoni, baba zake humfukuza, naye hutoka na ndugu zake wa rika moja wakazurura pamoja mpaka wapate mahali pa kunyang'anya. Hawa wawili walizurura, wakanenepa, wakafika kwetu na kumkuta Mkuu wa Wilaya anakagua mtaro.

Habari zilipelekwa makao makuu kwa simu. Jibu halikuchelewa. Katiba ya Tulivuni inasema eneo ni la anayeweza kulishika. Je, yupo mtu Nyasindefu aliye tayari kuwaondoa hao wawili? Hakuwapo. Basi, makao makuu yakasema, hao ndio serikali yenu, na wapewe heshima zao zote.

Ndivyo tulivyowapata Waheshimiwa Wawili, Ngurumo na Radi.

Kazi ya kusema kwa niaba yao alipewa Katibu wa Wilaya, Bwana Gaudensi Lihumba. Huyu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi. Sijapata kumwona mtu anayeogopa simba kama yeye, na nadhani ndiyo maana alipanda cheo haraka. Waheshimiwa walipopita mipakani wakikojolea vichaka, kama simba wenye eneo wanavyofanya, Katibu alifuata nyuma, mbali sana, na watu wa kusimika vibao.

"Mheshimiwa ametia saini!" alitangaza kila mara, na sisi bendi tukapiga.

Fundi baiskeli mmoja alicheka. Alipoulizwa anacheka nini alisema anapiga chafya, na tangu siku hiyo kila akikutana na Katibu ilimlazimu apige chafya ili ushahidi wake usimame.

Simba wenye eneo hunguruma alfajiri na jioni. Wataalamu wa nchi nyingine husema wanawaambia madume wa mbali: hapa pana wenyewe, na wenyewe ni kadhaa. Hao wataalamu hawana uzalendo. Sisi tulijua kwamba ni hotuba, na hotuba inahitaji mkalimani. Akateuliwa Bwana Kilongo, aliyekuwa mwalimu wa muziki, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa. Alivishwa joho jekundu lililoshonwa na mkewe mwenyewe, Siwema, fundi cherehani. Kila alfajiri Kilongo alinasa ngurumo kwenye kanda, kisha akazirusha kwenye vipaza sauti vilivyotundikwa kwenye nguzo mji mzima, kisha akatafsiri.

"Waheshimiwa wanasema pamba ilimwe kwa mistari iliyonyooka. Waheshimiwa wamesikitishwa na uvivu wa kata ya mashariki. Waheshimiwa wanawapenda."

Tulilima kwa mistari iliyonyooka. Kata ya mashariki ilijirekebisha.

Katibu hakuridhika. Alitaka mapenzi yetu yaonekane, hivyo akatoa amri kwamba kila mtoto atakayezaliwa wilayani apewe jina la mmoja wa Waheshimiwa liwe jina la ukoo. Ukalimani ni kazi ya kuonyesha mfano, kwa hiyo Kilongo alikuwa wa kwanza: binti yake akaitwa Chiku Ngurumo. Jirani yao Mashavu, mjane aliyekuwa akiuza dagaa, akazaa mtoto wa kiume akamwita Hamadi Radi. Wakafuata wengine wengi. Ilikuwa heshima kubwa. Bendi ilipiga kwenye kila ubatizo na kila akika, na mimi mkono wangu uliuma mpaka begani.

*

Utawala wa simba hauna muhula. Una meno. Meno yakidumu, unadumu.

Ngurumo alipigwa teke na nyati, taya likavunjika. Kwa muda tulimwona akitembea kichwa kimeinama, mate yenye damu yakimdondoka, na Katibu akatueleza kwamba Mheshimiwa anatafakari. Alfajiri ikawa inatoka sauti moja tu, ya Radi. Kilongo aliendelea kutafsiri hotuba za wote wawili.

Asubuhi moja mbwa wa mji hawakubweka. Sijui kama umewahi kukaa katika mji ambao mbwa wote wamenyamaza kwa pamoja. Unasikia mpaka maji yanavyochemka nyumba ya tatu. Radi alinguruma, na kutoka ng'ambo ya mto akajibiwa. Sauti moja. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Nilimwona Kilongo kwenye dirisha la ofisi yake, kinasa sauti mkononi, uso umempauka kama majivu. Siku hiyo hakutafsiri kitu.

Wale watatu hawakuvuka mara moja. Walikaa ng'ambo wakisikiliza. Kila alfajiri Radi alinguruma peke yake, nao wakasikiliza kama wanunuzi wanaogonga chungu kusikia kama kina ufa. Waliporidhika, wakavuka.

Pambano lilifanyika kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Katibu aliamuru wananchi wote tuhudhurie, ila hakujua atuambie tumshangilie nani.

"Pigeni makofi ya jumla," alisema.

Tulipiga makofi ya jumla. Ngurumo hakusimama hata kupigana. Mmoja alimkalia shingoni mpaka akatulia. Radi alipigana. Wawili walimshika mbele, wa tatu akazunguka nyuma akamng'ata uti wa mgongo, karibu na mkia. Alijikokota kuelekea mtoni kwa miguu ya mbele tu, ya nyuma ikiburuta kama magunia. Makofi yetu yalizidi kupungua, yakaisha. Radi hatukumwona tena, wala hakuna aliyekwenda kutazama.

Katibu alipanda jukwaani, akajifuta uso. "Kama nilivyosema siku zote," alianza, "utawala uliopita ulikuwa wa giza." Kisha akatutajia majina ya viongozi wetu wapya: Waheshimiwa Watatu, Kishindo, Tufani na Zilzala. Mwezi uleule mkewe, Bi Perpetua, alijifungua mtoto wa kiume, naye akaitwa Zilzala Lihumba. Vibao vya mipakani vikapakwa rangi upya. Nilidhani yameishia hapo.

*

Pembeni ya mji wetu kuna kiwanda cha kuchambua pamba kilichokufa zamani. Majike wa simba walikuwa wamezalia humo, na watoto wao walikuwa wa Ngurumo na Radi. Waheshimiwa Watatu waliingia humo asubuhi moja. Majike walinguruma, wakajipanga mbele ya watoto wao, wakapigana kadiri walivyoweza. Kilio kilisikika mpaka sokoni. Jioni majike walitoka wakiwa na majeraha, wakitembea huku na huko, wakiita kwa sauti ya chini. Hakuna kilichowaitikia.

Ndivyo madume wapya wanavyofanya. Jike mwenye mtoto mchanga hamtaki dume. Asiye na mtoto humrudia mapema. Mgeni hana muda wa kulea damu ya mwingine, maana naye anajua kwamba wengine wako ng'ambo wanasikiliza.

Haya ni mambo ya simba, na simba hawakuwa wametutazama sisi hata kidogo. Aliyetutazama ni Katibu Lihumba.

"Sera imetangazwa," alisema kwenye vipaza sauti, na sauti yake laini ilikuwa ikitetemeka. "Waheshimiwa hawataki mabaki ya utawala uliopita. Serikali sikivu haingoji kuambiwa mara mbili. Watoto wote wenye majina ya Ngurumo na Radi watakabidhiwa kiwandani kwa utaratibu, kwa heshima, na kwa kuanzia na mmoja wa mfano."

Wazazi walikimbilia ofisini kubadilisha majina ya watoto. Walikuta mlango umefungwa. Katibu alizungumza nao kupitia tundu la ufunguo: jina ni mali ya utawala, mtu binafsi hawezi kulichezea. Nadhani alikuwa analia kule ndani, lakini mtu kulia na mtu kutii vinaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Mtoto wa mfano alikuwa Hamadi wa Mashavu. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Askari walifika wakati mama yake yuko mtoni kuchukua dagaa. Walimwambia bibi yake kwamba mtoto anakwenda kupokea zawadi kwa niaba ya wenzake. Bibi akamnawisha uso, akamvika shati safi.

Bendi tuliitwa. Tulipiga taratibu. Askari walimsimamisha kwenye lango la kiwanda, wakapiga saluti, wakarudi nyuma. Aligeuka kututazama, alipenda ngoma, mtoto yule, kila mara alipoisikia alicheza kwa kupinda magoti. Akapinda magoti.

Yaliyofuata sitayaeleza. Asubuhi ile mji mzima ulikuwa na shughuli za ndani ya nyumba. Mashavu alipopanda kutoka mtoni na beseni kichwani, alikuta mtaa umefungwa madirisha mwanzo hadi mwisho, akaelewa kabla hajaambiwa. Beseni lilianguka. Dagaa walibaki barabarani, na hata paka hawakutoka kuwala.

*

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, Kilongo alirudi kwake akiwa bado na joho. Haya niliyapata kwa Siwema mwenyewe baadaye, na mengine niliyasikia, kwa kuwa ukuta wa nyumba yangu na yao ni mmoja.

"Kesho ni makabidhiano ya jumla," Kilongo alisema. "Katibu anataka nitafsiri shukrani za Waheshimiwa."

"Na Chiku?" Siwema akauliza.

Kilongo akaanza kufungua vifungo vya joho.

"Baba Chiku, nakuuliza. Na Chiku?"

"Amepangwa mbele. Kwa sababu ya cheo changu."

Nilisikia mashine ya cherehani ikisimama. Mtoto alikuwa anaimba peke yake kwenye mkeka, wimbo usio na maneno.

"Wewe ndiye unayewaelewa," Siwema alisema. "Kesho wakinguruma, tafsiri kwamba hawamtaki. Sema wameshiba. Sema lolote!"

"Mama Chiku, sijawahi kuwaelewa hata neno moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Mimi ni mwalimu wa muziki. Nasikia sauti ziko ngapi tu. Nao wenyewe wanasikia hilohilo." Akaanza kulia, kwa sauti nyembamba kama ya filimbi. "Wale watatu walikaa ng'ambo wakisikia sauti moja. Zingekuwa tano, wasingevuka. Wangepita wakatafute mji mwingine. Hawana ushujaa wowote, mke wangu. Wanahesabu."

Siwema alikata uzi kwa meno. Kisha akasema, "Zile kanda za Ngurumo na Radi bado unazo?"

"Zimejaa kabati."

"Na kila nguzo inaweza kurusha kanda yake?"

Kilongo akaacha kulia.

Siwema akajifunga kanga akatoka. Alianza na nyumba ya Mashavu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ngumu kuingia. Mashavu alikuwa ameketi chini, shati chafu la Hamadi mapajani, lile alilovuliwa asubuhi. Siwema alikaa naye pale chini mpaka Mashavu mwenyewe alipouliza, "Umefuata nini?"

"Nakwenda kwa kina mama wote wenye watoto wa majina yale. Kesho tusimame pamoja langoni."

"Mimi sina mtoto."

"Najua, dada."

Mashavu akalikunja lile shati. "Nitakuja," akasema.

Wengine walikuwa wagumu zaidi yake. Mmoja alimwambia Siwema, kupitia dirishani, "Mpango wako haunipi moyo. Mimi naogopa."

"Na mimi naogopa," Siwema akajibu. "Ila woga wangu uko nyumbani kwangu na wako uko kwako. Tuupeleke wote mahali pamoja, tuone utakuwa mkubwa kiasi gani."

*

Asubuhi jukwaa lilikuwa limepambwa kwa matawi ya minazi ya plastiki. Bendi tulikaa kulia. Nilijiweka nyuma ya ngoma yangu, ambayo kwa bahati nzuri ni pana. Mji mzima uliletwa ukasimama nyuma ya kamba. Hapakuwa na upepo. Kutoka kiwandani kulikuja harufu ambayo sikutaka kuijua.

Kina mama walifika wakiwa kundi moja, watoto migongoni. Walipita mbele ya jukwaa bila kusalimu, wakajipanga langoni bega kwa bega. Siwema alikuwa katikati na Chiku mgongoni. Kushoto kwake alisimama Mashavu, mgongo mtupu.

Katibu Lihumba alifurahi. "Mwitikio wa kina mama umenitia moyo sana," alisema. "Huu ndio uzalendo. Mkalimani yuko wapi?"

Kilongo alikuwa ofisini kwake amejifungia.

Waheshimiwa Watatu walitoka kivulini. Ukimwona simba kwa mbali unadhani anatembea polepole. Ukimwona kwa karibu unajua kwamba hana haraka, na ni jambo tofauti kabisa. Manyoya ya mbele ya yule mkubwa, Kishindo, yalikuwa yamekauka kwa kitu cheusi. Akawatazama kina mama. Mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja.

Hapo nguzo ya kwanza ikanguruma.

Ilikuwa sauti ya Ngurumo, marehemu, ya zamani kabla taya halijavunjika. Nguzo ya pili ikatoa ya Radi. Kisha ya tatu, ya nne, na nyinginezo, kila moja na kanda yake, alfajiri za miaka yote zikimwagika asubuhi moja. Ngoma yangu ilitetemeka bila kuguswa. Watu nyuma ya kamba walilala chini. Wale simba walisimama palepale, masikio mbele. Tufani akamtazama Kishindo. Zilzala akarudi nyuma nusu ya mwili.

"Ngurumo hizi sijaziidhinisha!" Katibu alipiga kelele. Sijui alichoogopa zaidi, simba wengi au kutokuwa na kibali. "Hizi ni za utawala uliopita! Kata umeme! Kata umeme!"

Askari aliyezoea kutii akavuta swichi.

Kimya kilichofuata simtakii hata adui yangu. Mji wetu haujawahi kuwa mtulivu kiasi kile. Kishindo alisikiliza. Akageuza kichwa upande huu na upande ule, akapima, akaona kwamba sauti zote zimekwisha na waliobaki ni wanawake. Akashusha kichwa, akaanza kuja, na wenzake wakamfuata mmoja kila upande, kama walivyofanya kwa Radi. Wananchi wakakata kamba wakakimbia. Nami ningekimbia lau miguu ingekuwa yangu.

Kina mama hawakukimbia. Mmoja alijikojolea, nikaona maji yakimtiririka mguuni, na hakusogea.

Mashavu akapiga hatua mbele. Akafungua mdomo.

Sikijui kilichotoka mle, na mimi nimecheza kwenye misiba mingi. Hakikuwa kilio, wala hakikuwa neno. Kilianza chini sana, mahali ambapo mtu hana sauti, kikapanda. Kabla hakijaisha, Siwema akakipokea, na wa pembeni yake akampokea, na wa pembeni yake, mpaka mstari wote ukawa koo moja. Hata watoto migongoni wakapiga ukelele. Vumbi liliinuka kutoka ardhini. Nasema nililoliona.

Kishindo alisimama. Alikuwa karibu sana hivi kwamba Mashavu, angenyoosha mkono, angemgusa pua. Wakatazamana. Kisha yule simba akageuza macho pembeni, kama mkubwa anayekumbuka ana safari mahali pengine, akazunguka, na ndugu zake wakazunguka naye. Walipita kwenye shamba la pamba, kati ya mistari iliyonyooka, wakaufikia mto, wakavuka. Hawakukimbia. Ila hawakutazama nyuma.

*

Katibu Lihumba alitoka chini ya meza. Alipangusa magoti, akaomba simu, akazungumza na makao makuu kwa adabu. Tulimsikia akisema "Ndiyo" na "Wanawake" na "Ndiyo" tena. Alipokata simu, akaja mpaka mbele ya kina mama, akapiga goti moja chini.

"Waheshimiwa," alisema. "Kama nilivyosema siku zote, utawala uliopita ulikuwa wa giza."

Kilongo naye alifika mbio, joho limekwama kwenye mkanda. Alimkuta mkewe hai na bintiye hai, na kwa furaha mazoea yakamshika. Akageukia uwanja, akapaza sauti: "Waheshimiwa wanasema—"

"Baba Chiku," Siwema alimkatiza, sauti imemkauka kabisa. "Nyamaza, mume wangu."

Akanyamaza.

Katibu hakuwa amemaliza. Aliinuka, akaenda kwenye nguzo ya kiwanda alipojificha mkewe, Bi Perpetua. Walivutania kitu kidogo, bila kelele, kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Katibu alirudi na kitambaa cheupe mikononi. Ndani yake alikuwemo mtoto wao.

"Huyu ni Zilzala," alisema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Alizaliwa chini ya wale watatu. Ana jina lao. Utaratibu ni utaratibu, Waheshimiwa. Nimeona nianze na wangu, iwe mfano. Mnampokelea wapi?"



Msomaji, niliwaogopa simba siku ile, lakini saa ya kuogopa kweli ilikuwa hii. Siwema alifungua mdomo na sauti haikutoka, alikuwa ameimaliza yote. Nilitazama nyuso za wale kina mama mmoja mmoja, majirani zangu, wanawake walionikopesha chumvi. Wapo walioangalia chini. Lakini wapo waliomtazama yule mtoto kwa macho niliyokwisha kuyaona asubuhi ile, yakipima. Mmoja wao akasema polepole, "Hamadi naye alikuwa mdogo."

Bi Perpetua alianguka chini pale nguzoni.

Mashavu akanyoosha mikono. Katibu akamkabidhi mtoto, akarudi nyuma hatua, na kwa mazoea ya mkono akapiga saluti. Mtoto aliguswa na jua, akakunja uso, akaanza kulia. Mashavu alimtazama. Alimwinua mpaka usawa wa uso wake, akamnusa shingoni, kwa muda mrefu.

"Huyu ana njaa," akasema.

Akaketi palepale kwenye vumbi la lango, akafungua kanga. Maziwa ya Hamadi yalikuwa hayajakauka. Mtoto alitafuta, akapata, akanyamaza. Machozi ya Mashavu yalimdondokea mtoto kichwani, na hakumwondoa.

Katibu alisubiri. Akakohoa. "Naomba maelekezo, Mheshimiwa," alinong'ona. "Wananchi wamekimbilia majumbani. Wanangoja tamko. Nitangaze nini?"

"Tangaza kwamba mtoto ana njaa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Umeme ukarudishwa, na Katibu akatangaza, kwa sauti yake laini, kwenye nguzo zote za Nyasindefu: "Mtoto ana njaa." Mara tukasikia mji mzima ukipiga makomeo. Huwezi kuwalaumu. Tulivuni haijawahi kutoa tamko linalomaanisha kinachosemwa, na kila mtu ndani ya nyumba yake alikuwa akijiuliza ni mtoto gani, njaa ya nini, na nani ataliwa.

Tulikaa. Jua lilipanda. Sisi wa bendi hatukujua tupige nini.

Ndipo mlango mmoja ukafunguka, mbali, mwisho wa mtaa. Akatoka mwanamke ambaye sikumjua jina, mtu wa makamo, na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Ulikuwa uji wa pilipili manga, ule apewao mama anayenyonyesha. Harufu yake ilitufikia kabla yake. Alikuja katikati ya barabara tupu, madirisha yote yakimchungulia, sahani ikilia juu ya bakuli kila hatua. Mara mbili alisimama. Mara mbili tulidhani atarudi.

Alifika.